Mkono na Uzio: Historia ya Kuwafunza Watoto Habari za Wanyama Mwanza

Maandishi mengi kuhusu elimu ya awali nchini Tanzania huchukulia ufundishaji kwa vitendo kuwa jambo jipya, lililoletwa na mitaala ya miaka ya karibuni pamoja na kona zake za ujifunzaji. Kwa upande wa maarifa ya wanyama, historia ya Mwanza haiungi mkono dhana hiyo.

Katika jamii ya Wasukuma, mtoto wa kiume alikabidhiwa ndama kabla ya kukabidhiwa ng'ombe, naye alijifunza maradhi ya mifugo kwa kuishika. Palikuwa pia na vyama vya wajuzi. Banunguli waliwawinda nungunungu walioharibu mazao, wakiwafuata hadi ndani ya mashimo yao; Bayeye walijua tabia za nyoka na dawa za sumu yao, na hadi leo wanajulikana kwa kucheza ngoma na chatu. Chama kilikuwa shule, ingawa wakoloni walikiona kuwa ngoma tu.

Mwaka 1964 serikali ilianzisha bustani ya wanyama katika kisiwa cha Saanane, mwendo mfupi kwa boti kutoka mjini Mwanza. Madhumuni yake yalikuwa kuwaelimisha wananchi kuhusu wanyamapori, kuwaburudisha, na kuwatunza kwa muda wanyama waliokuwa wakipelekwa Rubondo. Watoto wa mjini waliweza kuwaona faru na nyati bila kusafiri hadi Serengeti, na faida hiyo haipaswi kubezwa. Lakini somo lilibadilika: mnyama alitazamwa kupitia uzio. Zaidi ya hayo, kisiwa hicho kina jina la Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi hapo, ambaye alihamishwa ili kuipisha bustani. Mtu aliyewajua viumbe wa mahali pale kwa kazi ya mikono yake aliondolewa ili elimu ya viumbe ipate nafasi.

Miaka mitatu baadaye, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliilaumu shule iliyomfunza mtoto kuthamini vitabu peke yake na kudharau ujuzi wa wazee wake. Shule zilitakiwa kuwa na mashamba, na penye uwezo, mifugo. Tatizo, kwa maoni yangu, ni kwamba kazi ya shamba ilihesabiwa kama uzalishaji kuliko somo: mwanafunzi aliweza kulisha kuku muhula mzima asiulizwe swali hata moja juu ya kuku huyo.

Pengo hilo linaonekana wazi zaidi ziwani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden waliwachunguza furu wa Ghuba ya Mwanza, samaki wadogo ambao mtoto yeyote wa ufukweni aliweza kuwashika. Ziwa lilikuwa na spishi zao zaidi ya 300. Sangara, aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka mno katika miaka ya 1980, na spishi nyingi za furu zikatoweka; waliokaa kwenye miamba walisalimika zaidi. Saanane ilipandishwa hadhi kuwa pori la akiba mwaka 1991, kisha Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Furu walitoweka katika maji yaleyale yanayokizunguka kisiwa hicho, mbele ya macho ya watoto waliokuwa wakivushwa kwenda kuwatazama simba.