Askari wa risasi na rupia ya tembo

Kiswahili kina neno moja kwa kitu kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki na kwa madini laini ya kijivu ambayo wavuvi huyafunga kwenye nyavu: risasi. Ndiyo maana mtu akitajiwa "askari wa risasi" kwa mara ya kwanza hudhani anasimuliwa vita. Kumbe anasimuliwa kitu cha kuchezea watoto, kirefu kama kidole, kilichopakwa rangi na kulazwa ndani ya boksi.

Kiwanda kilichovuma kwa askari hao ni Britains cha London. Mwaka 1893 William Britain mdogo alibuni njia ya kumimina risasi iliyoyeyushwa ndani ya kalibu, kisha kuimwaga ile ya katikati kabla haijaganda, kikabaki kiganda chenye uwazi ndani. Risasi kidogo, uzito mdogo, bei ndogo. Wajerumani, ambao ndio waliokuwa wakilitawala soko hilo, walikuwa bado wakiuza askari walioshiba madini. Katika miaka ya 1920 Britains walitoa seti namba 225: askari wa King's African Rifles, wale ambao Waswahili waliwaita Keya. Walikaa wanane ndani ya boksi, tarabushi kichwani na bunduki begani.

Bonde la Kilombero lilikuwa limekwisha kuwaona Keya wenyewe.

Mwishoni mwa Oktoba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, kikosi cha Keya chini ya Luteni Kanali Hawthorn kilizingirwa Mkapira, kando ya Mto Ruhudji unaopeleka maji yake Kilombero. Kikavunja mzingo na kuwatawanya Wajerumani waliokuwa wamekizunguka. Mwaka uliofuata Wabelgiji walishuka kutoka upande wa Kilosa na Dodoma, wakauvuka Mto Kilombero, na tarehe 9 Oktoba 1917 wakaingia Mahenge. Majeshi yote hayo yalikula. Bonde linalotoa mchele lilikuwa ghala kwa kila aliyeshika bunduki, na mwenye mpunga alilipwa kwa chochote ambacho jeshi lilikuwa nacho mfukoni siku hiyo.

Hicho kilichokuwa mfukoni ndicho leo kinachokaa kwenye meza za minada ya Ulaya, jirani kabisa na askari wa risasi. Wakusanyaji wa vitu hivyo viwili mara nyingi ni watu wale wale, na uchumi ukiyumba, bei zake hutikiswa na mambo yale yale.

Fedha ya Mjerumani, mtawala wa nchi wakati huo, haikuanza na vita. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa pesa za shaba na rupia za fedha kuanzia mwaka 1890. Pesa ilibeba maandishi ya Kiarabu, na rupia ilibeba sura ya Kaisari Wilhelm II akiwa na kofia ya chuma yenye tai juu yake. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ikabadili hesabu, rupia ikawa na heller 100, na hapo ndipo Kiswahili kilipopata neno ambalo kila muuza mchele wa Ifakara analitamka kutwa bila kufikiria limetoka wapi: hela. Mwaka 1905, kodi ya nyumba ikiwa rupia tatu na watu wakilazimishwa kulima pamba, Maji Maji ililipuka, na kabla ya Agosti kwisha wapiganaji walikuwa wamelishambulia boma la Mahenge. Kwa wakulima wengi wa kusini, rupia ilianza kujulikana kama kitu anachodai mtoza kodi, na baadaye sana kama kitu cha kununulia.

Vita vilipoanza 1914, manowari za Uingereza zilifunga pwani na sarafu kutoka Ujerumani zikakatika. Serikali ikachapa noti za muda hapa hapa nchini, kwa karatasi iliyopatikana. Karatasi ikawa mbaya zaidi kila mwaka. Noti za mwisho, za Julai 1917, ndizo wakusanyaji wanaziita noti za porini. Zilipigwa kwa herufi za mpira za seti ya kuchapia ya watoto. Serikali yenye gavana na jeshi iliishia kutengeneza fedha kwa kitu cha kuchezea, kisha ikamkabidhi mtu aliyetoa gunia la chakula.

Tabora ilifanya kazi nzuri zaidi. Mwaka 1916, kwenye karakana ya reli ya Lulanguru, mhandisi aliyeitwa Vogt aligeuza mashine za reli kuwa kiwanda cha sarafu. Maganda ya shaba ya mizinga yakapigwa kuwa heller 20 na heller 5. Dhahabu ya Sekenke, kule Singida, ikapigwa kuwa sarafu ya rupia 15. Mihuri yake ilichongwa na sonara kutoka Ceylon, na kazi yake inapendeza hadi leo. Upande mmoja kuna tai wa Ujerumani. Upande wa pili tembo ameinua mkonga, milima iko nyuma yake. Zilitoka 16,198, za aina mbili zinazotofautiana kwa kipambo kidogo tu chini ya maandishi. Tarehe 19 Septemba mwaka huo Wabelgiji waliiteka Tabora, na kazi ikaishia hapo.

Ukiipima sarafu hiyo utaona vita ndani yake. Rupia 15 zilihesabiwa sawa na marki 20. Marki 20 ya dhahabu iliyotoka Ujerumani ilikuwa na dhahabu safi gramu 7.17. Rupia ya tembo ina uzito huo huo wa gramu 7.17, lakini robo tatu tu ndiyo dhahabu, yaani gramu 5.38. Robo iliyobaki ilikuwa ahadi ya serikali, na serikali yenyewe ilikuwa njiani kukimbia.

Vita vilipokwisha, mwenye rupia ya fedha alikuwa na madini mkononi. Mwenye noti za muda alikuwa na karatasi, kwa sababu Waingereza hawakuzitambua. Fedha yenyewe ikabadilishwa mara mbili kwa haraka, kutoka rupia kwenda florini mwaka 1920, kisha shilingi ya Afrika Mashariki, ambayo senti zake zenye tundu wazee bado wanazikumbuka. Haya yote yaliwakuta watu waliokwisha nyang'anywa chakula, waliobebeshwa mizigo ya majeshi hadi kufa njiani, na ambao homa kuu ya 1918 ilikuwa imewapitia. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi wapatao 95,000 walikufa. Jina Kariakoo ni la kwao. Mdororo wa kwanza wa uchumi wa fedha katika bonde ulikuwa huo, na hakuna mwekezaji aliyeuandika kwenye daftari lake.

Dhahabu iliyo ndani ya rupia ya tembo ilikwenda njia yake. Kabla ya mwaka 1933, wakia ya dhahabu ikiwa dola 20.67, dhahabu ya sarafu moja ilikuwa na thamani ya dola 3.57. Mdororo Mkuu ulipoilazimisha Marekani kupandisha bei hadi dola 35 mwaka 1934, ikawa dola 6.05. Januari 1980 wakia ilifika dola 850, na sarafu ikawa na dhahabu ya dola 147 hivi. Mwaka 2011, miaka mitatu baada ya mabenki ya Marekani na Ulaya kuporomoka, wakia ilikaribia dola 1,900, na sarafu dola 328. Dunia ikiogopa, dhahabu hupanda, ingawa si kwa mstari ulionyooka: mwaka 2008 yenyewe ilishuka kwanza, kwa sababu wenye madeni waliuza hata walichokipenda.

Lakini mkusanyaji hanunui gramu. Rupia ya tembo iliyo katika hali nzuri huuzwa mnadani kwa maelfu ya dola, mara nyingi kupita dhahabu yake. Ziada hiyo yote ni bei ya uchache, ya hali ya sarafu na ya kisa cha Lulanguru. Askari wa risasi hana hata hiyo ngazi ya chini. Ukimyeyusha hupati kitu. Yeye ni kisa kitupu, na ndiyo maana hali ngumu humwumiza zaidi.

Namna anavyoumia inafahamika kwa yeyote aliyeuza mpunga wakati kila mtu anauza. Nyakati mbaya zinapokuja, waliokuwa wakinunua kwa fedha za ziada hujikunyata, huku waliobanwa wakitoa maboksi yao kabatini kwa wakati mmoja. Seti za kawaida, zilizotengenezwa kwa maelfu, zilizopoteza boksi au kupakwa rangi upya na mtoto wa mwenye nyumba, hushuka kwanza na kukawia kurudi. Seti adimu yenye rangi ya kiwandani na boksi lake husimama, kwani anayeitaka ameisubiri miaka na anajua haitarudi sokoni karibuni. Britains waliacha kabisa kutengeneza askari wa risasi mwaka 1966, kwa sababu ya sumu ya madini hayo kwa watoto, kwa hiyo hakuna wapya wanaoongezeka. Wanaopungua ni wanunuzi. Kizazi kilichocheza na askari hao kinazeeka, na wajukuu wao wana michezo mingine. Tajiri wa Marekani Malcolm Forbes aliwakusanya kwa makumi ya maelfu na kuwawekea jumba la makumbusho mjini Tangier, Morocco. Baada ya kifo chake mwaka 1990 mkusanyo ule uliishia mnadani.

Tanzania ilikuwa na somo lake katika miaka ya 1980. Baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, maduka yalibaki na rafu tupu. Bondeni chakula kilikuwapo, sabuni haikuwapo. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi, na mwaka 1986 shilingi ikaanza kushushwa thamani kwa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Katika miaka kama hiyo rupia za fedha za bibi zilikwenda kwa sonara zikawa bangili na hereni. Rupia moja ina gramu karibu 10.7 za fedha safi, na sonara alilipia hizo tu. Sura ya Kaisari na mwaka uliochapwa havikupimwa kwenye mizani yake.

Leo Mchombe, kando ya barabara ya Ifakara kwenda Mlimba, mizani inayoogopesha zaidi ni ya vyuma chakavu. Mwaka ambao bei ya mpunga imeanguka, mafundi na vijana hukusanya kila kilicho cha shaba na kukiuza kwa kilo. Heller 20 ya Tabora ni shaba. Imekwisha kuchanganywa na jembe lililovunjika na bomba la maji kabla mtu hajaisoma. Hapa mwandishi yeyote anayeipenda historia ya bonde hili anapaswa kusema kwa sauti: sarafu isisuguliwe kwa mchanga wala limau, isitobolewe tundu la kuvaa shingoni, isipelekwe kwenye mizani. Ule weusi uliojengeka kwa miaka mia ndio unaomwonyesha mnunuzi kwamba ni ya kweli, na kuusugua ni kutupa sehemu kubwa ya bei kwa dakika moja.

Kuna hatari ya upande wa pili pia. Miaka nenda rudi watu hutapeliwa kwa jina la "rupia ya Mjerumani". Huja mtu akisema yuko mzungu anayelipa mamilioni kwa rupia ya mwaka fulani yenye nguvu za ajabu, na kinachotakiwa ni fedha kidogo ya kuitafuta. Wengine huchimba chini ya maboma ya zamani wakitafuta hazina. Wenye bahati ya kupata kitu hukuta heller ya kawaida, iliyotolewa kwa mamilioni, ambayo mkusanyaji wa Ulaya huinunua kwa bei ya kikombe cha kahawa. Rupia ya tembo nayo ina nakala nyingi za bandia. Ya kweli haina uchawi wowote. Ina gramu 7.17, na hilo linaweza kupimwa.

Askari wa kweli walisubiri malipo yao kwa muda mrefu kuliko sarafu. Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliposalimu amri Abercorn, Novemba 1918, aliwaandikia askari wake hati za mishahara ambayo hakuweza kuilipa. Mwaka 1964, mwaka aliofariki, bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa waliokuwa bado hai. Kisa kinachosimuliwa hadi leo ni kwamba wazee wapatao 350 walifika Mwanza, na wachache sana kati yao walikuwa na hati. Baadhi walishika vipande vya sare zilizochakaa. Mjerumani aliyeleta fedha hizo akaona njia moja. Kila mzee aliitwa mbele peke yake, akapewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani auweke begani, aushushe, atoe heshima. Hawakuwa wamesikia amri hizo kwa zaidi ya miaka 45. Hakuna hata mmoja aliyekosea.