Seli ya Utumbo na Maji ya Rusizi: Historia ya Maarifa ya Kipindupindu kwa Kuitazama Gatumba

1.0 Utangulizi

Masomo ya awali ya biolojia huanza na seli, kisha tishu, ogani na mifumo ya mwili. Mpangilio huo humfaa mwanafunzi, lakini maarifa yenyewe hayakupatikana kwa utaratibu huo. Makala hii inafuatilia historia ya maarifa ya kipindupindu na kuihusisha na Gatumba, mji mdogo ulio magharibi mwa Bujumbura katika uwanda wa mto Rusizi. Hoja yake ni kwamba ujuzi wa seli umetenganisha maswali mawili ambayo sera huyachanganya: kwa nini watu huugua, na kwa nini hufa.

2.0 Kutoka Njia za Misafara hadi Utando wa Seli

Katika Afrika Mashariki, kipindupindu kilichunguzwa kwanza kwa kufuata njia zake. James Christie, aliyekuwa daktari Zanzibar wakati wa mlipuko wa 1869–1870, alichapisha mwaka 1876 kitabu kilichofuatilia mwendo wa ugonjwa huo katika njia za misafara. Aliijua njia, ila hakukijua kimelea. Filippo Pacini alikuwa amekwisha kukiona huko Florence mwaka 1854, lakini hakusikilizwa. Robert Koch alikithibitisha katika utafiti wake wa Misri na Calcutta, mwaka 1883 na 1884.

Hata hivyo, kukijua kimelea hakukueleza kifo. Kwa miongo kadhaa wengi waliamini kwamba bakteria hao huharibu ukuta wa utumbo. Mwaka 1959, huko Calcutta, S. N. De alionesha kuwa sumu inayotolewa na bakteria hao yatosha peke yake kuufanya utumbo umwage maji. Baadaye ilifahamika kwamba sumu hiyo haiui seli. Huiamuru kutoa kloraidi bila kikomo, na maji hufuata chumvi. Mgonjwa mahututi aweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Hapo mfumo wa mmeng'enyo wa chakula huuangusha mfumo wa mzunguko wa damu: damu hupungua maji, shinikizo lake hushuka, figo hushindwa kufanya kazi.

Mwaka 1960, Robert Crane alieleza kwamba seli ya utumbo hupokea sodiamu na glukosi kwa pamoja, kupitia lango moja la utando wake. Kipindupindu hakilifungi lango hilo. Kwa hiyo maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi hurudi mwilini, hata kuhara kukiendelea. Jambo hilo lilithibitishwa kwa wagonjwa wa Dhaka mwaka 1968. Na mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, Dilip Mahalanabis na wenzake walishusha vifo kutoka takribani asilimia 30 ya wagonjwa hadi chini ya asilimia 4.

3.0 Ugonjwa Ulipofika Ziwa Tanganyika

Wimbi la saba la kipindupindu duniani, lililoanzia Indonesia mwaka 1961, liliingia Afrika mwaka 1970 na kuifikia Burundi mwaka 1978. Dawa, basi, ilitangulia ugonjwa. Mlipuko mwingine ulizuka nchini humo mwaka 1992. Uchunguzi uliofanywa Rumonge uliuhusisha na kuoga ziwani na kunywa maji yake. Mwaka 1994, huko Goma, takribani wakimbizi 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa magonjwa ya kuhara. Maarifa ya lango la seli yalikuwa na zaidi ya miaka 30. Kilichokosekana ni maji salama na huduma ya kuwafikia wagonjwa kwa wakati.

Gatumba iko katika mazingira hayohayo: ziwa, mto, mpaka, na barabara ya Uvira inayopitisha watu na bidhaa kila siku. Mwaka 2020 Rusizi ilifurika na kuwahamisha maelfu ya wakazi. Mafuriko yanapofunika vyoo vya shimo na visima, maji ya kunywa na kinyesi hukutana. Mnamo Januari 1, 2023, serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko mpya katika eneo la Bujumbura.

4.0 Hitimisho

Kwa matibabu ya mapema, vifo vya kipindupindu huwa chini ya asilimia 1 ya wagonjwa. Idadi ya vifo, kwa hiyo, hupima umbali kati ya mgonjwa na kituo cha tiba. Idadi ya wagonjwa hupima hali ya maji. Sera inayojipongeza kwa kupungua kwa vifo pekee imejibu swali moja na kuliacha la pili. Katika Gatumba, pakiti za chumvi na sukari ziwekwe karibu na kaya kabla ya msimu wa mvua, na maji ya bomba na vyoo visivyofikiwa na mafuriko vihesabiwe kuwa sehemu ya tiba. Seli ya utumbo hupokea maji yoyote yanayoletwa. Kuyachagua ni kazi ya utawala.