Kabati za Glosi Hazisuguliwi

Jirani yangu alimkata msichana wake wa kazi mshahara wa wiki nzima kwa sababu ya kabati za jikoni. Kabati zenyewe ni nyeusi, za glosi, zile ukisimama mbele yake wauona uso wako. Ilikuwa mwisho wa Shaaban, nyumba yaoshwa kukaribisha Ramadhani. Msichana akashika sponji kwa upande wake wa kijani, akatia sabuni ya unga ya kusugulia sufuria, akafanya kazi kwa bidii zake zote. Mchana hapakuonekana kitu. Usiku taa zilipowashwa, milango yote ilikuwa na mikwaruzo ya mviringo kama utando wa buibui.

Mimi nilimtetea, na bado namtetea. Sisi watu wa pwani tumelelewa tukijua kwamba kusafisha ni kusugua. Sufuria ilisuguliwa kwa makumbi ya nazi na jivu mpaka ikang'aa, na kwa sufuria hilo halina ubaya. Uso wa kabati ya glosi si chuma. Ni plastiki au rangi, na unang'aa kwa sababu ni laini kabisa, mwanga ukiugonga warudi pamoja. Ukiuchora vijistari, hata visivyoonekana kwa jicho kimoja kimoja, mwanga watawanyika na pale pahali pafifia. Hayo msichana hakuambiwa na mtu. Hata mwenye nyumba hakuambiwa na fundi aliyezifunga.

Adui mkubwa, kwa hivyo, si mafuta. Ni vumbi. Msimu wa kaskazi madirisha yako wazi kutwa, na vumbi la barabarani lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko kioo, sembuse plastiki. Ukipitisha tambara kavu juu ya vumbi hilo, umepiga msasa. Wengi hudhani tambara kavu ndilo la salama, kumbe ndilo linaloharibu polepole, siku baada ya siku.

Mimi hufanya hivi. Nachukua kitambaa cha maikrofaiba, safi, nakilowesha kwa maji nakukikamua, napitisha bila kukandamiza ili kibebe vumbi. Nakisuuza, narudia. Baada ya hapo ndipo naja na sabuni: matone mawili matatu ya sabuni ya maji ya vyombo katika nusu lita ya maji ya vuguvugu, basi. Sabuni nyingi haiongezi usafi, huacha ukungu. Napangusa kwa mstari mmoja, juu kwenda chini, si kwa kuzungusha mkono, kwa sababu mkwaruzo wa mviringo huonekana kila upande taa inapomulika. Kisha kitambaa cha pili chenye maji matupu, na cha tatu kikavu cha kumalizia papo hapo.

Milango iliyo karibu na jiko ina shida yake, hasa Ramadhani inapokuwa kila alasiri ni bajia, viazi karai na kaimati. Moshi wa mafuta hunata, vumbi likashika juu yake, pakawa na ngozi ngumu. Hapo mkono huwasha kutaka kusugua. Usisugue. Lowesha kitambaa kwa yale maji ya sabuni, kibandike pale kwa dakika mbili tatu, mafuta yalainike, ndipo uyaondoe. Yakibaki, bandika tena. Mara tatu za kubandika ni bora kuliko mara moja ya kukwangua. Bizari ya manjano ikirukia mlango mweupe, ipanguse pale pale. Doa likibaki, mwanga wa jua wa dirishani hulififisha wenyewe.

Na maji yetu je? Nyumba nyingi huku zatumia maji ya kisima yenye chumvi na chokaa. Yakikauka kwenye mlango yaacha madoa meupe, mtu huyaona ni uchafu, akayasugua, ndiyo hasara ya pili. Kwa suuza ya mwisho tumia maji matamu, ya mvua au ya kunywa, nusu bakuli yatosha. Madoa ya zamani yaguse kwa siki: kijiko kimoja katika bilauri ya maji, ujaribu kwanza ndani ya mlango, kisha usuuze.

Usipulizie wala kumwagia maji mlango wenyewe. Ndani ni mbao za MDF, maji yakipenya ukingoni hufura na hayarudi tena. Dawa ya vioo yenye amonia, spiriti na thina ziweke mbali, kwa sababu akriliki hupasuka vijiufa. Na ile sponji nyeupe inayosifiwa kuwa yatoa kila doa, nayo ni msasa mwororo.

Kama kabati ni mpya na bado ina karatasi ya plastiki juu, iache mpaka mafundi wote wamalize. Akriliki ikitoka tu kwenye karatasi huwa laini zaidi, basi siku za mwanzo iguse kwa upole wa ziada.

Je, mikwaruzo yaondoka? Yategemea aina. Tazama ukingo wa mlango. Ukiona mstari wa ukanda uliogundishwa pembeni, mara nyingi ni akriliki. Ukiwa hakuna kiungo popote na nyuma ni ubao mweupe wa kawaida, huenda ni plastiki ya PVC iliyofunikwa kwa joto. Akriliki na rangi nzito ya kupuliza zaweza kupigwa polishi laini na mtu anayeijua kazi, mikwaruzo midogo ikapungua. PVC haina polishi. Ngozi yake ni nyembamba, na hata mvuke wa birika linalochemka chini yake waweza kuibandua.

Milango ya jirani yangu ilikuwa PVC, ikabaki vile vile. Mshahara wa msichana ulirudishwa kabla ya Idi, baada ya maneno mengi. Siku hizi jikoni mwao pana vitambaa vitatu kwenye msumari, na vyafuliwa mbali na nguo nyingine, bila maji ya kulainisha nguo, kwa sababu hayo huziba nyuzi zinazonasa vumbi. Kitambaa kikianguka chini hakirudi kwenye kabati mpaka kifuliwe.