Akiba ya Mlimani na Akiba ya Ufukweni

Akiba haiozi, wahenga walisema, na kule milimani Mbinga hakuna wa kuwabishia. Maharage yakikaushwa sawasawa na kuchanganywa na majivu ili yasibunguliwe hukaa ndani hadi msimu mwingine. Shuka sasa na lami ya kilomita 66 mpaka Mbamba Bay, ukutane na mama aliyenunua beseni la usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, mitumbwi iliporudi alfajiri. Mtaji wake wote umo mle, na asipouanika mapema, kufikia mchana utakuwa unanuka. Inaelekea aliyetunga ile methali alikuwa mtu wa nafaka.

Hadi mwaka 2012 watu hawa walikuwa wilaya moja, Mbinga. Ndipo Wilaya ya Nyasa ikamegwa na kupewa makao makuu Mbamba Bay. Hata hivyo, mafunzo ya ujasiriamali yanayopita huku na kule hayatofautiani: weka kibubu, jiunge na VICOBA, tengeneza sabuni ya maji. Ni mafunzo mazuri, ila yanachukulia kwamba pesa huingia nyumba zote kwa mwendo mmoja. Mlimani pesa ya maana huja mara moja kwa mwaka. Ufukweni huja leo, ikakosekana wiki nzima, kisha ikarudi. Tofauti hiyo imezaa mila mbili za akiba, na ukizilinganisha utaona jambo ambalo semina haziligusi: faida kubwa ya kutengeneza vitu nyumbani ni kununua muda. Kupunguza matumizi huja nyuma yake.

Tuanze na mlima. Katika karne ya 19 Wamatengo, wenyeji wa milima ya Mbinga, wakiukimbia uvamizi wa Wangoni, walibanana kwenye miteremko mikali ambako mvua moja kubwa ingeweza kuondoka na shamba zima. Jibu lao lilikuwa ngoro. Mvua zikielekea kuisha, mnamo Machi, wanaume hufyeka majani, na yakishanyauka huyapanga mistari inayokatana, miraba miraba. Wanawake huingia ndani ya kila mraba, huchimba udongo kwa jembe na kuyafukia majani yale, mpaka mteremko mzima unakuwa mashimo yaliyozungushiwa matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta; mahindi hufuata mwishoni mwa mwaka. Maji ya mvua hutua shimoni badala ya kukimbilia bondeni, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. A. H. Pike alishayaandika haya mwaka 1938 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mpaka leo anayepita barabara ya Mbinga anayaona kwa macho yake.

Kiuchumi, ngoro ni akiba kamili. Majani ambayo kwingine yangechomwa moto hapa huzikwa yalishe mazao ya mwakani. Hakuna kilichonunuliwa dukani. Mtaji ni jembe, mikono na kalenda. Mmatengo amezoea kuweka leo kitu atakachokiona baada ya miezi mingi, na tabia hiyo aliihamishia kwenye kahawa.

Kahawa ndiyo hasa inayoonyesha maana ya kununua muda. Tunda bivu halisubiri: likichumwa leo limenywe leo. Kaya yenye mashine ya mkono humenya, huvundika punje kwenye chombo mpaka ute ulegee, huziosha kwa maji safi, kisha huzianika kwenye chanja na kuzigeuza geuza juani. Baada ya hapo kitu ambacho kingeharibika kwa siku moja kinaweza kukaa kwa miezi, kikangoja chama cha msingi kikusanye na mnada upite. Kazi hiyo ya uani ndiyo inayompa mkulima ubavu wa kumwambia mnunuzi, "Bei hiyo hapana."

Kinyume chake ni magoma. Mahitaji ya shule ya watoto ya Januari yakifika, au ugonjwa ukiingia nyumbani, kahawa huuzwa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa. Kagera wanaiita butura, na maumivu ni yale yale. Anayeuza magoma anauza muda wake: miezi ya kungoja anamwachia mwenye pesa, na faida yote ya kungoja inakwenda huko. Zamani pengo hilo lilizibwa kwa kiasi fulani na sengu, desturi ya ukoo kukutana kwa mzee, kula pamoja na kuzungumza mambo ya familia. Mwenye ghala tupu hakulala njaa. Watu wakishaanza kula kila mmoja kwake, mkopo wa magoma unakuta mlango wazi.

Ufukweni hesabu ni nyingine. Usipa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haiwavuti samaki na kazi hupungua. Upepo mkali wa kusini, mwera, ukivuma katikati ya mwaka, mitumbwi hulala mchangani siku kadhaa mfululizo. Pesa inakwenda na mwezi na upepo, na ikija huja yote kwa mkupuo. Ndiyo maana mtu wa mlimani humwona mvuvi kuwa mfujaji. Hukumu hiyo si ya haki. Anayeamini kwamba ziwa litampa tena keshokutwa hana sababu ya kuifungia noti ndani kama yule anayengoja mavuno ya mwakani.

Akiba ya ufukweni imejificha kwenye vitu viwili. Cha kwanza ni muhogo. Mahindi yana siku yake ya kuvunwa. Muhogo uliokomaa huachwa ardhini ukang'olewa mashina mawili matatu pale ziwa linapochafuka, na uliovunwa hulowekwa, hukaushwa, ukawa unga. Cha pili ni chanja. Usipa ukianikwa mchangani unakauka, lakini unabeba mchanga, kuku wanaudonoa, na mnunuzi wa Songea anaupangia bei ya chini. Ukitandazwa kwenye chanja ya miti na wavu, upepo unapita juu na chini, unakauka haraka na unabaki safi. Mvua ikinyemelea, unakusanywa mara moja. Mama mwenye chanja nzuri anaweza kuweka gunia mpaka wiki za mbalamwezi, samaki wanapoadimika, akauza kwa bei ya uhaba. Anafanya kile kile anachofanya mwenzake wa Mbinga kwa kahawa, ingawa hawajawahi kuonana.

Sasa tuitazame sabuni, maana ndiyo kipenzi cha semina. Waliokuwa watu wazima miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, wanakumbuka nguo zikifuliwa kwa majani ya mpapai na maji ya majivu, kwa sababu madukani hapakuwa na kitu. Sabuni ya majivu ni kazi ya subira: majivu hujazwa kwenye chungu kilichotobolewa chini, maji humwagiwa juu, na yanayochuruzika huchemshwa na mafuta mpaka yashike. Mali ghafi yote ilitoka nyumbani, kwa hiyo kila kipande kilikuwa pesa iliyobaki mfukoni.

Sabuni ya maji ya leo si hivyo. Kemikali za salfoniki na slesi, rangi na manukato vyote hununuliwa, na vinasafirishwa kutoka mbali. Cha nyumbani ni maji na mkono wa kukoroga. Haina maana kwamba ni hasara. Kaya maskini hununua kila kitu kwa vipimo vidogo: kipande cha mche wa sabuni, mafuta ya kula ya siku moja, na kwa vipimo hivyo hulipa zaidi kuliko tajiri anayebeba katoni. Kikundi kinachochanga, kikanunua kemikali kwa jumla na kugawana ndoo ya lita 20, kinapata nafuu. Ila nafuu hiyo imetokana na kununua pamoja. Kikundi hicho hicho kingeipata hata kwa kununua mafuta na sukari kwa jumla. Na wote wakianza kuuza sabuni kijijini, wanauziana wenyewe kwa wenyewe.

Mfano wa Zanzibar unafaa hapa. Kilimo cha mwani kilianza huko mwaka 1989, mikononi mwa wanawake zaidi. Mwani mkavu ulipoendelea kununuliwa kwa bei duni, baadhi yao walianza kuusaga na kutengeneza sabuni ya mche kwa mafuta ya nazi. Walianza na kilichokuwa mikononi mwao, kisha wakakipandisha thamani. Sabuni ya mwani ina mizizi baharini kwao. Sabuni ya salfoniki haina mizizi Mbinga wala Nyasa.

Vikundi vyenyewe navyo vinahitaji kusomwa kwa jicho hilo. VICOBA ni uzao wa Mata Masu Dubara, mpango ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vimetambuliwa rasmi katika daraja la nne. Hisa ya kila wiki inamfaa mama wa usipa, mradi kikundi kimruhusu kuruka wiki za mbalamwezi na mwera bila faini. Mkulima wa kahawa anabanwa nayo: Februari hana kitu, na faini inamsukuma kwenye magoma yale yale aliyotaka kuyakimbia. Afadhali anunue hisa nyingi kahawa inapolipwa, kisha akope kidogo kidogo miezi ya ukata.

Lipo pia suala la nani anashika pesa. Mlimani kahawa kwa desturi ni ya baba, wakati mama ndiye aliyefukia majani, akapalilia na kuanika. Ufukweni mwanaume huleta samaki, na mama wa chanja ana pesa yake, lakini akisimamisha biashara ili auguze mtoto, mtaji humalizika. Mila zote mbili zimemtwisha mwanamke kazi ya kununua muda, na faida ya muda huo mara nyingi huhesabiwa na mwingine.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ombi langu kwa maafisa maendeleo ya jamii ni kwamba, kabla ya kupitisha andiko jingine la sabuni ya maji, wawaulize wanakikundi ni mali gani inawaozea au inawatoka kwa bei ya kutupa. Nyasa mkopo wa kwanza uwe wa chanja na turubai. Mbinga uwe wa mashine ya kumenyea, pamoja na fedha ya kuvukia Januari bila kuuza magoma, na jina la mama liandikwe kwenye malipo. Sabuni ifuate baadaye, kwa faida itakayokuwa imepatikana.