Dawa za Malaria katika Delta ya Rufiji

Kiongoroni ipo katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, kwenye mikoko na maji ya chumvi. Pwani hii ina jamii ya anofelesi, mbu aenezaye malaria, anayestahimili chumvi, na mkulima anayelala kwenye dungu kulinda mpunga huumwa na mbu usiku kucha. Dawa za malaria zimebadilika mara kadhaa, lakini nyingi zimelenga kifuko kimoja ndani ya kimelea: vakuoli ya chakula.

Kimelea kikiingia katika chembe nyekundu ya damu, humeza hemoglobini na kuimeng'enya ndani ya kifuko hicho. Hubaki hemu, yenye chuma, ambayo ni sumu kwa kimelea chenyewe. Kimelea hujiokoa kwa kuigandisha iwe fuwele nyeusi. Rangi hiyo ndiyo iliyomvutia Laveran alipokitambua kimelea nchini Algeria mwaka 1880.

Kwinini, inayovuruga ugandishaji huo, ilitumiwa na Wajerumani walipotawala hapa. Mabaharia wa meli yao ya kivita, Königsberg, iliyojificha deltani tangu 1914 hadi Julai 1915, waliugua sana malaria. Shehena zilipozuiwa baharini, magome ya mkwinini wa Amani, Usambara, yalichemshwa kuwa dawa chungu mno ya askari.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja klorokwini. Ilikuwa rahisi na ilifanya kazi, ingawa wengi waliikimbia kwa sababu ya kuwashwa mwili mzima. Hemu ilirundikana, kimelea kikafa kwa mlo wake. Kisha protini moja ya ukuta wa vakuoli ikabadilika, ikawa inaitoa dawa nje. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 2000, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha klorokwini na kushika SP (sulfadoksini na pirimethamini), inayozuia utengenezaji wa foleti na haiigusi vakuoli.

SP nayo haikudumu. Rufiji, ambako watafiti walikuwa wakihesabu vizazi na vifo tangu 1998, ilianza kutumia SP pamoja na atesuneti mwaka 2003, kabla ya wilaya nyingine. Mwishoni mwa 2006 taifa likaanza kuhamia ALu (atemeta na lumefantrini), ambayo watu huiita mseto. Atemisinini, ambayo ndiyo asili ya atesuneti na atemeta, huamshwa na chuma cha hemu ileile.

Kimelea kina oganeli nyingine ya ajabu, apikoplasti, masalio ya mwani mwekundu yenye DNA yake. Doksisaiklini huishambulia, ila athari huonekana katika kizazi kinachofuata cha vimelea, hivyo hutumika zaidi kwa kinga ya wasafiri, na watoto wadogo na wajawazito hawapewi.