Kisu kimelegea mpini? Kitengeneze nyumbani, ila ogopa moto

Kisu chako kimeshika kutu na mpini umeanza kucheza? Usikitupe bado. Ukiwa na tupa, msasa na jioni mbili za nafasi, kinarudi kazini. Ila kuna kosa moja la moto ambalo huharibu visu vizuri, na ndilo hasa tunalotaka kulieleza leo.

Visu vingi vya wahunzi wetu hufuliwa kutokana na springi za gari. Chuma hicho kina kaboni, ndiyo maana kinashika makali, na ndiyo maana kutu hukipata upesi. Mhunzi hukipasha hadi kiwe chekundu, hukizamisha kwenye mafuta au maji kikakamae, kisha hukipasha tena taratibu kwenye nyuzijoto 200 hivi, kisije kikavunjika kama kioo. Ugumu huo ukiondoka, jiwe la kunolea haliurudishi. Utanoa asubuhi, mchana kimeshakuwa butu.

Unaondokaje? Wengi tunajua njia ya zamani ya kutia mpini: mkia wa kisu unawekwa kwenye makaa hadi uive, kisha unasukumwa ndani ya mti na kujichomea tundu lake. Ni njia nzuri, maana tundu linalingana na mkia. Lakini joto halibaki mkiani, linapanda kwenye bapa. Kwa hiyo kwanza toboa tundu dogo kwa keekee ili moto ubaki na kazi ndogo. Funga bapa lote kwa kitambaa kilicholowa maji, kishike kwa koleo, na uongeze maji kila kitambaa kinapoanza kutoa mvuke.

Rangi ya chuma itakuonya. Chuma kilichosuguliwa kikipata joto hugeuka rangi ya majani makavu, kisha kahawia, zambarau, halafu bluu, ambayo hutokea karibu na nyuzi 300. Mkia ukiwa wa bluu hakuna neno. Makali yakiwa ya bluu, sehemu hiyo imelainika, na dawa yake ni kumrudishia mhunzi akipashe upya.

Grenda ya umeme hufanya kosa hilo hilo kwa sekunde chache, kwa sababu makali ni membamba. Kama ni lazima uitumie, gusisha kidogo tu, zamisha kisu kwenye maji, kisha rudia. Sisi tunaona tupa inatosha, na haina haraka ya kukuharibia.

Kutu ni kazi rahisi. Loweka bapa kwenye siki kwa saa chache, sugua kwa steelwaya, suuza, kausha hapo hapo na paka mafuta ya kupikia. Kabla ya kusugua, funika makali kwa boksi gumu na gundi ya karatasi. Kisu kinachoonekana butu bado kinakata kiganja kinapoteleza.

Neno kwa wachimbaji: beseni lililooshewa dhahabu kwa zebaki lisitumike kuloweka kisu cha jikoni, hata kama linaonekana safi. Tindikali ya kusafishia dhahabu nayo isiguse kisu hicho.

Kwa mpini, ulizia vipande vya mninga vinavyobaki kwa mafundi seremala wa Buseresere au ng'ambo Katoro. Mti wa mpera pia ni mgumu na haupasuki ovyo. Muhimu uwe umekauka kabisa, kwani mti mbichi hunywea na mpini unalegea tena. Mkia ukiwa mpana, weka vipande viwili, kimoja kila upande, ugongee ribiti. Mianya yote izibwe kwa gundi ya kuchanganya. Damu na mafuta ya nyama yakiingia humo, hakuna sabuni itakayoyafikia.

Laini kwa msasa namba 80, kisha 120, kisha 240, na ufunike pua, kwani vumbi la mbao ngumu huwasha kifua. Ukipaka mafuta ya kitani, tandaza vitambaa ulivyotumia vikauke nje. Vikikunjwa na kuachwa kwenye kona vinaweza kuwaka vyenyewe.

Pambo ni lako. Alama ya msumari wa moto, au waya wa shaba uliozungushwa shingoni mwa mpini (wa kununua, si wa kukata kwenye nguzo). Uhunzi si mgeni huku: Warongo wa upande wa Geita na Biharamulo waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyofika hadi Usukumani.

Kunoa kuje mwisho, kwenye jiwe lenye maji, bapa likiinuliwa kidogo tu kutoka kwenye jiwe. Jaribu kwenye karatasi, si kwenye kidole. Na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hushika unyevu, na kutu itaanza upya.