Inchi za umeme: jinsi kapasita ilivyopata kipimo chake

Najua mlidhani mwenzenu kamezwa na maktaba. Nipo, ila wiki hii ni ya ripoti za maabara, na hapa hosteli kila ukigonga mlango unakuta mtu na jedwali la volti na ampea. Sisi wa Elimu tunaokwenda kufundisha Fizikia tumepewa jaribio la kupima kapasita kwa umeme wa mkondo geu. Sasa leo sileti majibu, naleta historia yake, maana ni tamu kuliko ripoti yenyewe.

Kwanza jaribio, kwa wale wa Sanaa. Kapasita ni bamba mbili za chuma zilizotenganishwa na kitu kisichopitisha umeme. Ukiipa umeme wa betri inajaa chaji, halafu mkondo unakoma. Ukiipa mkondo geu inajaa na kutoka, inajaa na kutoka, kwa hiyo amita inaonyesha mkondo muda wote. Tuseme umeme ni volti 12, mizunguko 50 kwa sekunde, na amita inasoma ampea 0.0377. Gawanya mkondo kwa volti, kisha gawanya kwa 314 (yaani 2 mara 3.14 mara 50). Jibu ni faradi 0.00001, au mikrofaradi 10. Dakika tano umemaliza. Lakini jamani, kufika kwenye hizo dakika tano kulichukua zaidi ya miaka mia moja!

Kapasita ya kwanza ilikuwa chupa. Mwaka 1745 von Kleist huko Pomerania, na muda mfupi baadaye van Musschenbroek katika mji wa Leiden, Uholanzi, waligundua kuwa chupa ya kioo yenye maji inaweza kutunza umeme na kumtupa mtu chini kwa shoti. Ulaya nzima ikageuza jambo hilo kuwa mchezo. Watu walijua chupa hii ina shoti kali kuliko ile, basi. Kali kiasi gani? Hakuna aliyeweza kusema.

Aliyeweza alikuwa Henry Cavendish wa Uingereza. Tajiri, mwenye haya kupita kiasi, hakupenda hata kuzungumza na wageni. Katika miaka ya 1770 alichukua tufe la chuma kama kipimo chake, akalinganisha kila kitu nalo: bamba hili linabeba chaji sawa na tufe la upana wa inchi kadhaa. Ndiyo, alipima umeme kwa inchi! Msicheke, maana alikuwa sahihi: uwezo wa tufe kubeba chaji unakua sambamba na upana wake. Kwa kupima ukinzani, chombo chake kilikuwa mwili wake mwenyewe. Alijipiga shoti na kulinganisha maumivu.

Kisha akafungia karatasi kabatini. Alifariki mwaka 1810, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haikuchapishwa hadi mwaka 1879, James Clerk Maxwell alipoihariri. Yaani miaka mia moja hivi, kipimo kizuri kipo na hakimsaidii mtu.

Na katika miaka hiyo watu walikuwa wanakihitaji kweli. Mwaka 1858 kampuni ya simu za maandishi ilitandaza kebo chini ya Bahari ya Atlantiki, kutoka Ireland hadi Newfoundland, zaidi ya kilometa 3,000. Kebo ndani ya bahari ni kapasita ndefu: waya wa shaba upande mmoja, maji ya chumvi upande wa pili, katikati utomvu mgumu wa mti. Fikirieni bomba la hosteli maji yanaporudi baada ya siku tatu. Lazima bomba lote lijae kwanza ndipo koki ya ghorofa ya nne itoe tone. Ndivyo kebo inavyomeza umeme kabla ishara haijatokea upande wa pili.

William Thomson, profesa wa Glasgow, alikwisha kuonya kwa hesabu: urefu wa kebo ukizidi mara 2, ucheleweshaji unazidi mara 4, kwa sababu ukinzani na uwezo wa kubeba chaji vyote vinakua. Fundi umeme mkuu wa kampuni, Wildman Whitehouse, ambaye kwa taaluma alikuwa daktari, alibisha. Matokeo? Salamu za Malkia Victoria zenye maneno 98 zilichukua saa 16 hivi kuvuka. Whitehouse alikuwa akitumia umeme wa volti zipatazo 2,000 kuisukuma kebo ambayo tayari ilikuwa na kasoro za utengenezaji, na katika wiki chache ikafa kabisa. Fedha zote zikabaki chini ya bahari.

Hapo ndipo wakubwa wakashtuka. Kubishana bila kipimo cha pamoja ni kama kununua kitambaa kwa mkono wa kila muuzaji. Mwaka 1861 wahandisi Latimer Clark na Charles Bright walipendekeza majina ya vipimo vya umeme, na chama cha wanasayansi wa Uingereza kikaunda kamati. Mwaka 1866 kebo ya Atlantiki ikafanya kazi na kudumu. Mwaka 1881, mkutano wa kimataifa wa Paris uliipitisha faradi, kwa heshima ya Michael Faraday. Ni kipimo kikubwa mno: dunia yetu nzima, ukiihesabu kama tufe, haifiki hata faradi 0.001!

Na sisi huku hatukuwa mbali. Ule mwaka 1879 uliotoa karatasi za Cavendish ndio kebo ya bahari ilipofika Zanzibar kutoka Aden, zama za Sultani Barghash, ikaendelea Msumbiji hadi Durban. Kila ishara iliyopita Shangani ilisubiri kebo ijae.

Mkondo geu wenyewe ulikuja mwishoni. Max Wien alichapisha njia zake za kupima kwa daraja mwaka 1891, na mwaka 1893 Steinmetz akarahisisha hesabu zake hadi mwanafunzi akaziweza. Ndiyo hizo tunazonakili leo.

Kwa hiyo walimu wenzangu watarajiwa, tukienda kufundisha tusianze na kanuni ubaoni. Tuanze na kebo iliyokufa, halafu tuwaulize watoto: hawa watu walikosa nini? Wakishajibu, kanuni itaingia yenyewe. Na yeyote mwenye notisi nzuri zilizofungiwa kabatini kama Cavendish, azitoe tupige kopi, mitihani imekaribia!